Unene wa Barafu

Kila asubuhi, kabla jua la Kuopio halijaamua kama litakuja,
Ilpo hushuka ziwani na keekee ya mkono,
hutoboa barafu, huchovya rula ya chuma, hupiga picha,
huandika mtandaoni:
Sentimita kumi na nne. Miguu, ndiyo. Gari, hapana.
Miaka kumi na mmoja. Hana maneno mengine.

Zamani walimjibu kwa asante na picha za mbwa,
na mama mmoja wa ng'ambo ya ziwa, Vieno,
ambaye mwanawe huvuka kwa skii kwenda shule,
alibonyeza moyo mdogo mwekundu
saa moja na dakika tano, bila kukosa.

Sikumbuki siku yenyewe hewa ilipochafuka.
Jukwaa limeuzwa, walisema. Kanuni zimelegezwa.
Akaja mtu asiye na uso, akauliza:
nani anakulipa, mzee, ututishe na maji?
Akaja wa pili: hiyo rula ni ya uongo.
Wa tatu akafukua picha ya marehemu Sirkka, mkewe,
akaichora alivyotaka.
Kufikia Januari, chini ya sentimita thelathini
palikuwa na matusi mia mbili na arobaini.
Niliyahesabu. Ndiyo kazi niliyokuwa nayo usiku ule.

Mimi nilitoka.
Akufukuzaye hakwambii toka,
na tumbo liliponisokota kila niliposhika simu
nilijua nimeshaambiwa.
Kitufe kiliniuliza mara tatu: una uhakika?
Miaka minane, na hakuna mle ndani
aliyewahi kuniuliza jambo kwa upole namna ile.

Wiki ya kwanza kidole gumba kilitembea chenyewe,
kikibisha mahali palipokuwa na mlango.
Wiki ya pili nililala.
Wiki ya tatu Maarit alijifungua,
nami nikajua siku tisa baadaye, kwenye foleni ya maziwa,
kutoka kwa mtu nisiyempenda.

Nikamwendea Ilpo. Hama, nikamwambia,
kuna kwingine, kusafi, nimeshakufungulia nafasi.
Akauliza: Vieno yuko?
Hayuko.
Basi huko nitampimia nani?

Nikapandisha sauti. Nikamwambia
wenye jukwaa wanauza matangazo juu ya matusi yako,
kila picha yako ni kuni kwenye jiko lao.
Alikuwa akimenya kiazi.
Najua, akasema.
Akamaliza kumenya, akachukua kingine.

Kisha akanionyesha simu.
Nusu ya chini ya kioo ameibandika plasta,
ile ya kahawia, ya vidonda.
Majibu yote yako chini yake.
Juu imebaki picha, namba, na nafasi ya moyo mmoja.

Mwisho wa Aprili mafua yalimlaza.
Akanipa keekee, akanipa nywila:
jina la Sirkka na mwaka wa harusi.
Sikutaka. Nilikwenda.

Barafu ya majira yale ni ya kuogopwa:
rula ilisoma ishirini na sita,
lakini keekee ilizama kama kwenye mkate uliolowa.
Unene upo, nguvu haipo.
Nikaandika: Ishirini na sita, imeoza. Msivuke.
Nikasimama gatini na simu ya mtu mwingine
na plasta ya mtu mwingine.

Saa moja na dakika mbili simu ikatetemeka. Chini ya plasta.
Na dakika tatu. Na tatu tena.
Dakika tano ikaja, ikapita.
Niliinua macho kutazama ng'ambo, kama mjinga,
nikitafuta kofia ya mtoto kwenye weupe ule wote.

Dakika kumi na moja, moyo.

Nikakaa juu ya ndoo. Miguu ilikuwa imekufa ganzi.
Sijarudi kule, akiniuliza mtu nitamwambia hivyo,
na itakuwa kweli.
Kesho zamu ni yangu tena.